UZI: The Radio Dept. wa Sweden, miaka ishirini na zaidi ya kukasirika kwa sauti ya chini

Kinubi:

Wakuu habari za jioni.

Huu uzi nimekuwa na deni nao tangu ule mjadala wa muziki wa Sweden ambao watu waliishia kwa bendi ya ABBA na yule mtunzi wa nyimbo za popu, Max Martin, halafu wakafunga daftari, kana kwamba nchi nzima ya watu milioni kumi haina kingine. Leo mvua inanyesha tangu saa nane, umeme upo, nimejifungia ndani na hedifoni, kwa hiyo nashuka nayo yote. Ni ndefu. Mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Naongelea bendi inaitwa The Radio Dept., ya mji wa Lund, kusini kabisa mwa Sweden. Muziki wao unaitwa drimu popu, yaani popu ya ndotoni. Kwa ambaye hajawahi kusikia: chukua wimbo wa kawaida wa mapenzi, wenye kiitikio kizuri tu, halafu usikilize ukiwa chumba cha pili mlango umerudishiwa. Magitaa yana mwangwi mpaka yanakuwa kama ukungu, sauti ya mwimbaji haiko mbele kama tulivyozoea huku kwetu, imezamishwa katikati ya vyombo, unaipata nusu na nusu unaikisia. Asili yake ni Uingereza na Scotland miaka ya 80, akina Cocteau Twins, halafu wakaja My Bloody Valentine na lile wimbi la wapiga gitaa wanaoinamia viatu vyao jukwaani kwa sababu miguuni kuna vidude vya kukwaruza sauti.

Mimi niliwafahamu kupitia muvi. Kuna ile Marie Antoinette ya Sofia Coppola ya 2006, malkia wa Ufaransa kaigiza Kirsten Dunst. Niliikodi kwenye kibanda cha CD nikitegemea vinanda vya ikulu, mara naona watu wamevaa mawigi na magauni ya karne ya 18 na chini yake linapita gitaa lenye vumbi na jamaa ananong'ona kama hataki kumwamsha mtu. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Mle ndani kuna nyimbo tatu za bendi hii, Pulling Our Weight, I Don't Like It Like This na Keen on Boys. Watu wengi duniani walianza nao hapohapo kama mimi, na wengi hawakwenda mbele zaidi, ndio maana wanadhani ni bendi ya nyimbo za kulalia.

Si bendi ya kulalia. Ninachotaka kuonyesha kwenye huu uzi ni kwamba hawa jamaa kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo hasira yao ilivyoongezeka, na sauti ya yule mwimbaji haikupanda hata siku moja. Kilichobadilika ni vitu vinavyomzunguka.

Tuanze. 1995 wanafunzi wawili wa shule moja, Johan Duncanson na msichana anaitwa Elin Almered, walianzisha bendi. Jina walilipata kwenye duka, lilikuwa kituo cha mafuta kikageuzwa kuwa fundi redio, limeandikwa Radioavdelningen, maana yake Idara ya Redio. Wakalitafsiri kwa Kiingereza wakalifupisha. Ile bendi ya shule haikudumu, ikafa. 1998 Duncanson akaanza kurekodi na jamaa mwingine, Martin Larsson, na badala ya kutafuta jina jipya akalichukua lilelile. Hao wawili ndio nguzo mpaka leo. Kufika 2001 wakawa watano, Lisa Carlberg kwenye besi, Per Blomgren ngoma na Daniel Tjäder kinanda.

Wakatuma nyimbo kwenye jarida la muziki la kwao linaitwa Sonic, jarida likawaandika na kuweka wimbo wao kwenye CD yake, na lebo ya Labrador ikawachukua. 2003 ikatoka albamu ya kwanza, Lesser Matters.

Hapa naomba nitulie kidogo maana ndiyo albamu niliyoishi nayo zaidi. Walirekodi wenyewe, nyumbani, kwa vifaa vya kawaida, na unasikia. Sikiliza Why Won't You Talk About It?, gitaa limepitishwa kwenye mkwaruzo mpaka linakaribia kupasua spika, yaani ukisikia mara ya kwanza unagusa waya wa hedifoni ukidhani umekatika. Halafu ndani ya ile kelele kuna jamaa anaimba taratiiibu, anamuuliza mtu kwa nini hutaki tuliongelee. Hapandishi. Mtu mwingine angepiga kelele juu ya kelele. Huyu anaiacha kelele ifanye kazi ya kelele, yeye anabaki anaongea kama mko jikoni wawili.

Ukiisikiliza usiku peke yako utaelewa nasema nini.

Ngoja nile, narudi.

mpiga_besi:

Aisee mkuu umenikumbusha mbali sana. Keen on Boys niliipata kwenye flashi ya jamaa yangu chuoni ikiwa imeandikwa "Track 03" tu, nikakaa nayo mwaka mzima sijui ni nani. Endelea tunakufuata.

DadaPwani:

Nimeisoma yote. Swali moja kaka, hiyo sauti kuzamishwa si ni kwa sababu walirekodi nyumbani na hawakuwa na hela ya studio? Huku kwetu prodyuza akikufanyia hivyo unamrudishia kazi yake.

Kinubi:

Dada yangu swali zuri. Mwanzoni vifaa vilikuwa na mchango wake ndio, lakini walipopata uwezo na majina hawakuibadilisha. Ni uchaguzi. Na wewe wa pwani hili utalielewa kuliko mimi, taarab mwimbaji ametulia kwenye kiti, mkono na leso, uso hauna wasiwasi, na ubeti anaoutoa unamchoma mtu aliyekaa meza ya tatu mpaka anaondoka ukumbini. Utulivu unamlazimisha msikilizaji asogee. Ukisogea ndipo unalipata neno.

Sasa tuendelee.

2006, Pet Grief. Kati ya hapa mpiga ngoma Per Blomgren aliondoka na Lisa wa besi naye akatoka. Bendi nyingi zingetangaza usaili. Hawa hawakutafuta mpiga ngoma mwingine, wakaweka mashine. Na ukishaweka mashine ya ngoma kila kitu kinabadilika kwa sababu mashine haikasiriki, haichoki, haiongezi kasi kiitikio kikifika, inabaki palepale kama saa ya ukutani. Wakapunguza magitaa, wakajaza vinanda vya sinthi, na ghafla bendi iliyokuwa inafananishwa na wale wa kuinamia viatu ikaanza kufananishwa na Pet Shop Boys, wale Waingereza wawili wa popu ya sinthi.

Kuna waliokasirika. Nimekutana na mashabiki wanaosema bendi iliishia Lesser Matters. Siwaungi mkono hata kidogo. Chukua The Worst Taste in Music, jamaa kaachwa, mpenzi wake kapata mwanaume mwingine, na malalamiko yake makubwa ni kwamba huyo mwanaume mpya ladha yake ya muziki ni mbovu. Mtu mwenye wivu hasemi "ananizidi", anatafuta kasoro ndogo aishikilie. Na ile biti kavu ya mashine chini yake inaufanya wivu usikike kama kitu kinachojirudia kichwani usiku kucha. Kwa ngoma za mtu ule wimbo ungekuwa na joto, ungekuharibia. Halafu I Wanted You to Feel the Same, sina maneno, tafuteni.

Kwa hiyo kubadilika kwa kwanza kulitokana na watu kuondoka. Kubadilika kwa pili kulitokana na uchaguzi mkuu. Sitanii.

Septemba 2006 Sweden ilipiga kura, chama cha Social Democrats kilichokuwa kimekaa miaka 12 mfululizo kikaondoka, akaingia waziri mkuu Fredrik Reinfeldt wa chama cha Moderates. Hiki ni chama cha mrengo wa kulia cha miaka mingi, lakini kwa uchaguzi ule kilijitangaza kuwa ndicho chama kipya cha wafanyakazi. Kilijivika nguo za mpinzani wake kikaingia nazo mlangoni. Sasa 2008 The Radio Dept. wakatoa EP, yaani rekodi fupi ya nyimbo chache, inaitwa Freddie and the Trojan Horse. Freddie ni Fredrik. Farasi wa Troya mnamfahamu, yule wa mbao waliyejificha askari tumboni. Mwimbaji yuleyule mpole wa nyimbo za kuachwa, sauti ileile, na safari hii anayesemwa si mpenzi wala mwanaume wa mpenzi, ni waziri mkuu aliye madarakani.

Nikisikiliza naona kama hawakubadilisha mada. Mtu aliyekuahidi kitu na kukigeuka ni yuleyule, awe kitandani kwako au bungeni.

Msafiri77:

Mkuu Kinubi naomba niongeze kwa sababu mimi Lund nimekaa miaka miwili, nilikuwa nasoma shahada ya pili pale.

Ni mji mdogo wa chuo kikuu. Ukishuka stesheni kitu cha kwanza unachoona ni baiskeli, maelfu, zimelaliana kama samaki kwenye tenga. Kuna kanisa kuu la mawe lina saa kongwe ndani, ikifika muda wake vinatoka visanamu vinapita mbele ya Bikira Maria na kinanda kidogo kinalia, wageni wote wanasimama kuangalia. Treni dakika kama kumi na mbili uko Malmö, ukivuka daraja uko Copenhagen, Denmark.

Lakini ninachotaka kusema ni kuhusu giza. Novemba na Desemba saa kumi kasoro za alasiri giza limeshatanda, na si usiku wa kwetu wenye watu nje na mihogo inachomwa na bodaboda zinapita. Ni kimya. Madirisha yana taa ndogo za njano, ndani kuna watu lakini huwasikii. Unatembea na baiskeli yako, barafu laini inasagika chini ya viatu, unasikia pumzi yako tu. Mtu akinionyesha Pet Grief akaniambia imetengenezwa wapi, ningejua hata bila kuambiwa. Ni muziki wa watu wanaoishi ndani na hawataki kumsumbua jirani. Nilikuwa naisikiliza nikitoka maktaba na nilikuwa nalia kwa kukumbuka nyumbani, nasema kweli.

DadaPwani:

Pole kaka Msafiri. Umeandika vizuri mpaka nimesikia baridi.

Kinubi:

Msafiri asante sana, hicho ndicho nilikosa, mimi Sweden sijafika.

Naendelea. Aprili 2010, Clinging to a Scheme. Hii ndiyo iliyowatoa nje ya Sweden kisawasawa, Marekani na Uingereza majarida yakawapokea kwa mikono miwili. Na ndiyo albamu ninayompa mgeni kwanza kwa sababu humu pande zote mbili zimekutana, mkwaruzo wa 2003 na mashine za 2006, halafu wakaongeza kitu cha tatu, mwanga. Ni dakika 34 hivi tu, nyimbo kumi, haina mahali pa kuruka.

Never Follow Suit ina biti ya rege, ile rege ya dabu ya kuning'inia yenye mwangwi, na mtu aliyekulia huku kwetu kwenye rege za Jumapili atasikia besi inavyotembea na mabega yatasogea yenyewe. A Token of Gratitude mwishoni inaacha kuimba kabisa, inabaki inaelea dakika nzima na kitu kama mawimbi. Na kuna Heaven's on Fire, wimbo wao uliopendwa kuliko zote nadhani, wa kuchangamka kabisa, ungeweza kupigwa harusini. Ila kabla haujaanza wameweka sauti ya Thurston Moore wa Sonic Youth, bendi ya roki ya Marekani, kutoka kwenye filamu ya ziara zao ya 1991, anaongelea jinsi ubepari wa makampuni unavyoharibu utamaduni wa vijana na kwamba unapaswa kuvunjwa. Halafu baada ya hapo ndio inaingia popu tamu kuliko zote walizowahi kuandika! Nilichukua muda kuelewa kwa nini wamefanya hivyo. Sasa naona ni kwa sababu wanaamini vyote viwili, wanachukia biashara ya muziki na wanapenda kiitikio kizuri, na hawaoni kwa nini wachague kimoja.

Mwaka huohuo Septemba uchaguzi mwingine. Siku chache kabla ya kura wakatoa wimbo bure kabisa mtandaoni, The New Improved Hypocrisy, unafiki mpya ulioboreshwa. Kura zikapigwa tarehe 19, Reinfeldt akabaki, na chama cha Sweden Democrats, ambacho mizizi yake iko kwenye makundi ya wabaguzi wa rangi ya miaka ya 80, kikaingia bungeni kwa mara ya kwanza na asilimia 5.7. Ndiyo Sweden hiyohiyo ambayo wazee wetu walijua kama nchi ya waziri mkuu Olof Palme rafiki wa Mwalimu, nchi ya visima na shule na misaada kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Mimi nimekua nikisikia Sweden ikitajwa hivyo nyumbani. Kwa hiyo nikisikiliza hawa jamaa wakiililia nchi yao, najua wanalilia kitu ambacho hata sisi kilitufikia.

Mwanzoni mwa 2011 ikatoka Passive Aggressive, mkusanyiko wa singo za 2002 mpaka 2010. Halafu kimya.

kijana_wa_ilala:

Kimya kwa nini sasa? Walivunjika? Wakati ndio wanapanda

Kinubi:

Hawakuvunjika mdogo wangu. Mkataba.

Walisaini wakiwa vijana, bendi ya wadogo kutoka mji mdogo, na baadaye wakaona haki za nyimbo zao zimekaa vibaya wakataka kutoka. Suala likaenda kwenye sheria, likachukua miaka, wakashindwa. Hayo yote Duncanson aliyasema mwenyewe kwenye mahojiano, sina cha kuongeza. Ila fikiria, umeandika wimbo unaoanza na mtu akisema huu mfumo uvunjwe, dunia nzima inauimba, halafu miaka inayofuata unaitumia kwa mawakili.

mpiga_besi:

Hapa naomba nisimame kidogo wakuu. Mimi nilikuwa kwenye bendi, nilisaini karatasi nikiwa na miaka 19, kurasa nne za Kiingereza, tulisainia juu ya boneti ya gari nje ya studio kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Tulikuwa na furaha tukapiga picha. Nyimbo sita nilizoandika besi na maneno mpaka leo si zangu, nikizipiga kwenye shughuli naomba ruhusa. Studio siitaji. Ninachoweza kusema ni kwamba ukishajua wimbo wako si wako, ukishika gitaa mkono unakuwa mzito, unajiuliza hiki kipya nacho nitampelekea nani. Kama hawa walikaa miaka sita kati ya albamu na albamu, mimi sishangai hata kidogo.

Kinubi:

Pole sana kaka. Na asante kwa kusema, maana hicho ulichoeleza kuhusu mkono kuwa mzito ndicho kinachosikika kwenye albamu inayofuata.

Kabla ya albamu kuna singo moja lazima niitaje. Septemba 2014, uchaguzi tena, na hawa jamaa tena. Safari hii hawakuimba. Wimbo unaitwa Death to Fascism na ndani yake ni biti na sauti ya mtu, imekatwakatwa na kurudiwarudiwa, ikisema maneno ya Kiserbia-Kikroatia, lugha ya Yugoslavia, "Smrt fašizmu, sloboda narodu". Kifo kwa ufashisti, uhuru kwa wananchi. Ilikuwa kaulimbiu ya wapiganaji wa msituni wa Yugoslavia dhidi ya Wanazi. Mei 1942 kijana mmoja wao, Stjepan Filipović, alinyongwa hadharani mji wa Valjevo, na kuna picha, tafuteni muione, kitanzi kipo shingoni tayari, mikono yote miwili ameinyoosha juu kwa ngumi, mdomo uko wazi, anapiga kelele. Alichokuwa anakisema ni hayo maneno.

Angalia sasa. Duncanson miaka yote hiyo hajawahi kupiga kelele. Ilipofika mahali kelele ikahitajika, akanyamaza kabisa akaacha maneno ya wale waliokufa nayo yaongee badala yake. Mimi hapo huwa napata baridi. Sweden Democrats mwaka ule walipata asilimia 12.9.

Oktoba 2016, Running Out of Love. Jina lenyewe linatosha. Wao wenyewe walisema ni albamu kuhusu Sweden inavyorudi kinyumenyume, na uvumilivu unavyogeuka hasira na mwishowe kukata tamaa. Na muziki umebadilika tena: gitaa karibu limetoweka, kimebaki kitu cha klabu, hausi na tekno, biti nzito za kucheza. Wimbo wa kwanza ngoma za mkono zinaingia na unaitwa Sloboda Narodu, yaani ile nusu ya pili ya kaulimbiu. Nusu ya kwanza walishaitoa 2014, kifo kwa ufashisti, miaka miwili baadaye wanafungua albamu na nusu iliyobaki, uhuru kwa wananchi. Sijaona mtu akiliongelea hili ila kwangu ni wazi kama mchana.

Wa pili ni Swedish Guns. Dabu tena, besi ya kuning'inia, mwangwi, na kiitikio ambacho mtoto angeweza kukiimba, kuhusu bunduki za Sweden. Watu hawajui kwamba nchi ile ya amani inatengeneza na kuuza silaha nyingi kwa ukubwa wake. Alfred Nobel mwenye tuzo ya amani alikuwa mmiliki wa kiwanda cha mizinga cha Bofors. Zile ndege za kivita za Gripen 26 walizonunua Afrika Kusini zimetoka Saab, Sweden hiyohiyo, kwa ule mkataba wa silaha uliozua kashfa mpaka leo haijaisha. 2015 huko kwao kulikuwa na zogo kubwa kuhusu makubaliano ya kijeshi na Saudi Arabia, serikali ikaamua kutoyahuisha. Albamu imetoka mwaka mmoja baadaye. Na wimbo umetengenezwa uwe mtamu, wa kuimba kwa pamoja, kama tangazo la bidhaa. Ndiyo maana unauma.

Committed to the Cause ni mkubwa, unacheza kwa kuburuza miguu kama zile bendi za Manchester za mwisho wa miaka ya 80. Occupied ni dakika saba, sinthi baridi inazunguka palepale haitoki, ilitoka kama EP 2015 kesi ikiwa bado mbichi. Kaka mpiga_besi usikilize huo.

Kasoro ninayoiona, na naisema kwa mapenzi, ni kwamba katikati albamu inachoka kidogo, kuna sehemu biti inafanya kazi peke yake na ule utamu wa Clinging to a Scheme unakosekana. Lakini pengine ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mtu aliyeishiwa upendo haandiki Heaven's on Fire.

Msafiri77:

Nilikuwa kule mwaka huo mkuu. Ule mwaka wa 2015 wakimbizi walifika wengi sana, Malmö stesheni nilishuhudia kwa macho yangu watu wa kawaida wakigawa maji na ndizi na nepi. Halafu miezi michache baadaye kwenye daraja la kutoka Copenhagen wakaanza kukagua vitambulisho, mara ya kwanza tangu nifike. Mimi mweusi kwenye behewa, unaweza kufikiria. Kwa hiyo hiyo albamu si siasa ya vitabuni.

Kinubi:

Asante. Hapo umemaliza kazi yangu.

Kilichofuata nakipitia haraka. Wakaachana na Labrador, wakaanzisha lebo yao ndogo inaitwa Just So!, na 2018 wakatoa Your True Name na Going Down Swinging, magitaa yakarudi, hewa ikarudi, unasikia watu wamefungua dirisha. 2020 ikaja The Absence of Birds. Albamu nzima mpya baada ya ile ya 2016 mimi bado naisubiri, na nitaisubiri. Daniel Tjäder wa kinanda pembeni alikuwa na kundi jingine, Korallreven, la muziki wa kuelea zaidi, anayetaka ladha ya joto akatafute.

kijana_wa_ilala:

Kaka nimesoma yote, bando imeisha nimeongeza. Nianze na wimbo gani sasa, usiniambie albamu nzima

Kinubi:

Strange Things Will Happen, iko kwenye ile ya kwanza, Lesser Matters. Ni mfupi. Zima taa.

kijana_wa_ilala:

Nimerudi. Nimeurudia mara nne. Lakini mbona anaimba mwanamke? Si ulisema mwimbaji ni Johan? Ni yule Lisa wa besi?

Kinubi:

Hapana, si Lisa. Ni Elin Almered.

Yule wa shuleni. Yule ambaye bendi ya kwanza walianzisha naye ikafa. Bendi ilishakuwa na watu wengine, imeshapata lebo, inarekodi albamu yake ya kwanza, na wakamrudisha aimbe ule wimbo mmoja. Na kwenye albamu hiyohiyo kuna wimbo unaitwa 1995, na mwingine unaitwa It's Been Eight Years. Albamu imetoka 2003. Piga hesabu mdogo wangu, halafu uusikilize tena.